Pampu inanguruma, maji hayashuki: dalili na sababu zake katika mgodi wa zamani uliozama

Mgodi wa Kipushi uko kilomita 30 hivi kutoka Lubumbashi, ukigusana na mpaka wa Zambia. Ulianza kuchimbwa mwaka 1924, enzi za Union Minière, kampuni ya Wabelgiji, na kwa karibu miaka 70 ulitoa shaba na zinki, pamoja na jemaniamu kidogo. Mwaka 1993 uzalishaji ukasimama kwa kukosa fedha. Pampu ziliachwa zifanye kazi ili maji yasipande, lakini mwaka 2011 zikashindwa na mgodi ukazama. Maji yalipanda hadi kina cha mita 850 hivi kutoka juu, yakiwa yameimeza ngazi kuu ya kazi (sakafu ya njia za chini) ya mita 1,150 na kila kilichokuwa chini yake. Ngazi ile ilifikiwa tena mwishoni mwa 2013. Makinikia ya kwanza ya zinki yakatoka Juni 2024.

Hesabu mwenyewe: kuyashusha maji kulichukua kama miaka miwili, na kutoka hapo hadi makinikia ikapita zaidi ya kumi. Mtu akiniambia anataka kufufua mgodi wa zamani na hoja yake ya kwanza ni ukubwa wa pampu, najua bado hajashuka chini. Pampu hununuliwa. Kinachogharimu ni kujua kwa nini maji yanafanya yanavyofanya, na hapo ndipo fedha nyingi hupotea, kwa sababu watu hurukia sababu ya bei ghali kabla ya kuangalia ile ya bure.

Maelezo haya nimeyapanga kwa dalili. Anza na unayoiona kwako.

Kabla ya dalili yoyote: tepu, daftari na chupa

Wiki mbili au tatu kabla ya kuwasha mashine, pima kimo cha maji kila siku katika kila shimo lililo wazi. Narudia: kila shimo, si lile kubwa peke yake. Tumia ile tepu yenye ncha inayolia ikigusa maji. Kama huna, kamba yenye uzito na alama za mita itakusogeza. Andika na mvua ya siku hiyo. Ukikuta mashimo yote yana kimo kimoja, yameunganika kwa chini. Ukikuta moja limesimama mita 20 juu ya mengine, lizungushie wino mwekundu. Tutalirudia, na ni jambo la uhai wa watu.

Chupa ni kwa ajili ya sampuli za vina tofauti. Maji ya juu ya shimo mara nyingi ni ya mvua, safi, yakipelekwa maabara yanaleta majibu ya kufurahisha. Yale mazito yenye chumvi na metali yamelala chini. Nimeona mtambo wa kusafisha maji ukichorwa kwa kutumia ndoo moja iliyotekwa juu. Pampu ilipofika mita 60 mtambo ule ukawa mapambo.

Dalili: pampu zinafanya kazi usiku na mchana, maji hayashuki

Usinunue pampu nyingine. Kwanza fanya jaribio la kuzima.

Pima maji yanashuka kwa kiasi gani kwa saa ukiwa unapampu. Kisha zima kila kitu, upime yanapanda kwa kiasi gani kwa saa. Chukua mfano: pampu inatoa mita za ujazo 400 kwa saa, maji yanashuka sentimita 1 kwa saa; ukizima, yanapanda sentimita 3 kwa saa. Jumlisha mwendo wa kushuka na wa kupanda, unapata sentimita 4, yaani mita 0.04. Gawanya 400 kwa 0.04: eneo la maji huko chini ni mita za mraba 10,000. Zidisha eneo hilo kwa sentimita 3 za kupanda: yanayoingia ni mita za ujazo 300 kwa saa. Kwa hiyo robo tatu ya umeme wako inayazuia maji yasipande tu. Inayoyashusha ni robo. Sasa una namba mbili ulizokuwa huna, na hujatumia hata shilingi.

Eneo likitoka kubwa, fungua ramani za zamani. Inawezekana umefikia ngazi yenye mapango mapana yaliyochimbwa, na hapo maji yatakaa kimo kimoja kwa wiki kadhaa bila kosa la mtu. Chini ya mapango yatashuka tena haraka. Hili ni la kusubiri, halina matengenezo.

Kiasi kinachoingia kikitoka kikubwa, jiulize kinatoka wapi. Sababu ninayoikuta mara nyingi kuliko zote ni ya aibu: maji unayoyatoa yanarudi.

Niliwahi kufanya kazi kwenye mgodi mmoja mdogo wa dhahabu wa zamani huko Kanda ya Ziwa. Pampu mbili, siku kumi na moja, kimo hakikusogea hata kwa unene wa kidole. Mkuu wangu alikuwa ameshaagiza pampu ya tatu. Siku ile akapita mzee mmoja na mbuzi wake, nikamwamkia, akaitikia kisha akasimama anatazama mtaro wetu. Akaniuliza, "Fundi, hivi mwezi wa tisa nyasi zinaota wapi?" Sikumwelewa. Akanionyesha kwa fimbo: kutoka kwenye mtaro, kama hatua sitini, mstari mwembamba wa majani mabichi ulikuwa unakwenda moja kwa moja hadi kwenye bonde dogo lililojaa vichaka. "Mbuzi wangu wamehamia pale tangu mlipowasha mashine." Chini ya vile vichaka palikuwa na mdomo wa pango la zamani lililobomoka. Mtaro ulikuwa umepasuka, na sisi tulikuwa tunayazungusha maji yale yale kama gurudumu la baiskeli. Tulilaza bomba juu ya sehemu ile, na kesho yake maji yakaanza kushuka.

Kama huna mbuzi, jaribio la kuzima lenyewe litakuambia. Maji yakipanda kwa kasi baada ya kuzima, kisha baada ya siku moja au mbili kasi ikapungua sana, sehemu kubwa ya yaliyokuwa yanaingia yalikuwa yako. Thibitisha kwa gunia la chumvi lililoyeyushwa mtaroni na kipimo cha upitishaji umeme kwenye maji ya pampu: namba ikipanda saa chache au siku chache baadaye, umemkamata mwizi. Wenye uwezo hutumia rangi ya kijani ya kufuatilia maji, ile inayoonekana hata ikiwa kidogo sana. Lakini waarifu kwanza wanakijiji walio chini ya mto, wasije wakadhani umewatilia sumu.

Kama hayarudi, basi yanaingia kweli. Angalia mto uliopita juu ya mgodi: Kilembe, mgodi wa shaba wa magharibi mwa Uganda, uko kwenye bonde la mto Nyamwamba, na mafuriko ya Mei 2013 yalionyesha mto ule unaweza kufanya nini kwa kila kitu kilicho kandokando yake. Linganisha daftari la mvua na kiasi kinachoingia. Kikipanda siku moja baada ya mvua, kuna tundu karibu na uso wa ardhi: shimo la zamani lisilofunikwa, ufa, mtaro wa mvua uliozibwa ukabadili njia. Kulifunika tundu hilo ni kazi ya koleo na saruji. Kisipojali mvua kabisa, maji yanatoka kwenye mwamba wenyewe. Kwenye dolomaiti (mwamba wa jamii ya chokaa), kama Kipushi, mwamba una mapango na mikondo yake, na hapo mara nyingi hakuna ujanja isipokuwa kupampu maisha yote ya mgodi na kuiweka gharama hiyo kwenye hesabu tangu mwanzo.

Dalili: pampu imebadilisha sauti, au maji yanayotoka yamepungua

Pampu ikisikika kama inatafuna kokoto na huku hakuna kokoto, ina kiu. Maji hayafiki kwenye impela, lile gurudumu la ndani linaloyasukuma, kwa shinikizo la kutosha, yanachemka ndani yake bila moto, na vipovu vinavyopasuka vinakula chuma. Kwa pampu iliyokaa juu ya maji na kuvuta, kumbuka kwamba hakuna pampu duniani inayovuta maji zaidi ya mita 10 hivi, na hizo ni za ufukweni. Lubumbashi ni zaidi ya mita 1,200 juu ya bahari; huko kikomo cha kwenye karatasi ni kama mita 9, na cha kweli, ukiweka msuguano wa bomba na chujio lililoziba nusu, ni 5 au 6. Maji yanapozidi kushuka, pampu lazima iyafuate. Mtu akisahau kuishusha, ndiyo hiyo sauti.

Kwa mengine, soma vipimo viwili kwa pamoja, cha shinikizo na cha ampea (umeme unaoliwa na mota):

Maji yamepungua, shinikizo limepanda, ampea zimeshuka: njia ya kutokea imeziba. Vali haijafunguka, au bomba limejaa utandu wa chuma na chokaa ndani.

Maji yamepungua, shinikizo limeshuka, ampea zimeshuka: tatizo liko upande wa kuingilia, au impela imelika kwa mchanga. Mgodi wa zamani hutoa mchanga mwingi wiki za mwanzo.

Maji yamepungua juu, shinikizo limeshuka, lakini ampea zimepanda: pampu inafanya kazi kweli, ila bomba limepasuka katikati ya shimo na maji yanamwagikia kule kule chini. Teremsha tochi usikilize.

Ipo nyingine ya kuchekesha. Umeme ulikatika, fundi akaunganisha nyaya upya, pampu ikawaka, ila inatoa nusu. Fezi mbili zimebadilishana nafasi na mota inazunguka kinyume. Pampu ya aina hii ikizunguka kinyume haigomi. Inatoa maji kidogo tu, na watu wanaweza kuihangaikia wiki nzima.

Dalili: kila umeme ukikatika, unapoteza wiki

Kuinua mita moja ya ujazo ya maji kwa kimo cha mita 1,000 kunahitaji uniti 2.7 za umeme hata mashine ingekuwa kamilifu. Kwa mashine za kweli, sema karibu 4. Ukipampu mita za ujazo 1,000 kwa saa kutoka kina hicho, unahitaji karibu megawati 4 bila kupumzika. Jenereta uliyokodi kwa ajili ya taa na kambi haitashika hiyo. Chukua kiasi kinachoingia ulichokipata kwenye jaribio la kuzima, kigawe kwa eneo la maji, utapata yanapanda mita ngapi kwa saa; kisha gawanya umbali kutoka maji hadi mota zako kwa namba hiyo, utajua una saa ngapi kabla hayajazifikia. Namba hiyo iandikwe ukutani kwenye chumba cha pampu, kwa herufi kubwa.

Umeme ukikatika ghafla, safu ya maji ya mita 1,000, yenye shinikizo la baa 98 pale chini (baa 1 ni karibu uzito wa maji ya kimo cha mita 10), inasimama na kutaka kurudi. Vali ya kuzuia kurudi ikijifunga kwa kishindo, bomba hupasuka kwenye maungio. Ukisikia mlio kama nyundo kubwa kila umeme ukiondoka, usingoje: badilisha vali iwe ya kujifunga taratibu, na ugawe kimo kwa vituo viwili au vitatu vya pampu badala ya kurusha maji yote kwa mkupuo mmoja.

Dalili: maji yalikuwa meupe, sasa yana rangi ya chai au chungwa

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo migodi mingi hufungiwa leseni kabla haijatoa hata kilo moja.

Miamba yenye shaba, zinki au bati mara nyingi ina pairaiti, ile inayong'aa kama dhahabu na kuwadanganya vijana. Pairaiti ikikutana na hewa na maji hutoa asidi ya salfa na chuma. Mgodi ulipokuwa unafanya kazi, kuta zake zilipumua miaka mingi na kujipaka chumvi za metali. Maji yalipopanda yaliziyeyusha zote kwa pamoja. Kisha, kwa kuwa chini ya maji hakuna hewa ya kutosha, moto huo ukalala. Sasa wewe unashusha maji, kuta zimelowa na hewa imerudi. Umeuamsha. Ndiyo maana maji yanaweza kuwa mazuri mwezi wa kwanza na mabaya mwezi wa sita, na hakuna aliyekosea chochote.

Jaribio la chupa: jaza chupa ya plastiki kwa maji yanayotoka moja kwa moja kwenye bomba la pampu, pima pH (kipimo cha asidi: 7 ni katikati, chini yake ni asidi), iache wazi dirishani usiku kucha. Asubuhi tazama chini. Kama kuna matope ya rangi ya kutu na pH imeshuka, maji yale yalikuwa na chuma kilichoyeyuka ambacho kilikuwa hakijaonja hewa. Bomba lilikuonyesha maji safi. Mto, mita 500 mbele, utaonyesha rangi ya chungwa, na wavuvi watakuja kukuuliza wewe, si chupa.

Tiba ni chokaa na hewa, lakini kwa kipimo. Ingiza hewa huku ukipandisha pH ili chuma kigeuke kutu, kisha endelea kuipandisha kwa ajili ya metali nyingine. Zinki huganda vizuri karibu na 9 hadi 9.5. Manganizi hutaka 10 au zaidi. Ukizidisha hadi kupita 11, zinki inaanza kuyeyuka tena, na fundi asiyejua huongeza chokaa zaidi akidhani haijatosha. Ukiona zinki inapanda na pH iko juu, punguza. Aseniki kwa bahati nzuri hushikamana na kutu ya chuma na kushuka nayo, mradi chuma kipo cha kutosha.

Usidanganyike na pH ya 7. Mwamba wa dolomaiti au chokaa huizima asidi wenyewe, maji yakaonekana mpole, lakini zinki hubaki imeyeyuka humo humo. Pima metali, si asidi peke yake.

Ukitaka kuona mpango ulivyo mzuri na ulivyo mbaya, nenda Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza. Migodi miwili ya bati, yote imefungwa miaka ya tisini, iko wilaya karibu karibu. Wheal Jane ulipofungwa mwaka 1991 pampu zilizimwa, maji yakapanda, na tarehe 13 Januari 1992 kizibo cha njia ya zamani ya kutolea maji kikaachia. Mamilioni ya lita za maji ya asidi, kadimiamu na zinki yalishuka mto Carnon hadi kwenye hori la Fal, na picha zake za bahari yenye rangi ya chungwa zinaonyeshwa madarasani hadi leo. South Crofty, uliofungwa Machi 1998, ulipotaka kurudi ulianza upande wa pili: ukajengwa kwanza mtambo wa kusafisha wenye uwezo wa mita za ujazo 25,000 kwa siku, na kuyashusha maji kukaanza mwaka 2023 mtambo ukiwa tayari. Mpangilio ni huo. Bomba la kwanza kutandazwa ni la mwisho wa safari ya maji.

Dalili: shimo moja limeshuka, jingine limegoma

Turudi kwenye ule wino mwekundu. Ukipampu shimo A likashuka mita 40 na shimo B likabaki palepale, huku ramani ikisema yameunganika, kuna kizibo kati yao: kifusi, matope, mlango wa zamani. Nyuma ya kizibo kuna maji yenye kimo cha mita 40 zaidi ya yako. Hiyo ni baa 4 zinazosukuma tope ambalo hakuna aliyelijenga kwa kazi hiyo.

Hakuna mtu kushuka chini ya kimo hicho hadi maji ya B yashushwe kwa pampu yake, au yatobolewe kwa mashine kupitia bomba lenye vali lililofungwa barabara kwenye mwamba, ili yakitoka yatoke kwa amri yako. Na ukichimba kuelekea eneo la zamani, toboa tundu refu mbele kabla ya kila hatua. Tarehe 5 Agosti 2015, huko Colorado, Marekani, wakandarasi wa shirika la serikali la mazingira walikuwa wanafukua kifusi kwenye mdomo wa mgodi wa Gold King bila kupima moja kwa moja shinikizo lililokuwa nyuma yake. Kiasi cha lita milioni 11 kilitoka kwa pamoja na kuugeuza mto Animas kuwa wa manjano. Na kule Quecreek, Pennsylvania, Julai 2002, wachimbaji 9 wa makaa walitoboa mgodi jirani uliozama kwa sababu ramani waliyokuwa nayo haikuonyesha uchimbaji wa mwisho. Walitolewa wote wazima baada ya zaidi ya siku tatu. Ni bahati ambayo siipangii ratiba.

Ramani ya zamani, kwa ujumla, inaaminika kwa yale iliyoyaonyesha tu. Wachimbaji wa miezi ya mwisho kabla ya kufungwa huchimba nguzo (mawe ya madini yaliyoachwa yashike dari) na pembe zilizobaki, na mpimaji ameshaondoka. Watafute wazee waliofanya kazi pale. Mzee mmoja aliyekuwa akisukuma behewa anaweza kukumbuka njia ambayo karatasi imeisahau.

Dalili: taa inawaka vizuri, mtu ana kizunguzungu

Toka. Kisha soma yafuatayo ukiwa juu.

Zamani mshumaa ulizimika oksijeni ilipofika karibu asilimia 16, na mtu akarudi nyuma. Tochi ya betri haipumui, itawaka hadi juu ya maiti. Mbao zinazooza na pairaiti inayoshika kutu hula oksijeni; kabonidioksidi huzama na kutulia sehemu za chini; maji yaliyotuama hutoa gesi yenye harufu ya yai bovu pale pampu inapoyatikisa au shinikizo linapopungua. Harufu ile ikiondoka ghafla usishangilie. Gesi hiyo ikizidi kama sehemu 100 katika milioni huua uwezo wa kunusa. Kwenye mawe ya matale, kama yale ya Cornwall, kuna radoni pia, gesi yenye mionzi isiyo na harufu wala rangi.

Kama kizunguzungu huja siku fulani tu, angalia barometa. Shinikizo la anga likishuka, kama kabla ya mvua kubwa, mgodi hupumua nje, na hewa mbovu ya mapangoni huja mahali ulipoona jana pako salama. Kipima gesi mkononi kila siku, feni ya kusukuma hewa ikitangulia mtu, na anayemwona mwenzake ameanguka asimfuate bila kifaa cha kupumulia. Wengi wanaokufa kwenye mashimo ya aina hii ni wa pili na wa tatu.

Dalili: nyufa juu ya ardhi, visima vya jirani vimekauka

Maji yalikuwa yanaushika mwamba. Ukiyaondoa, hasa kwenye dolomaiti, udongo uliokuwa umeelea juu ya mapango unaanza kudondokea ndani. Afrika Kusini walilijua hili kwa bei kubwa: Desemba 1962, kwenye mgodi wa dhahabu wa West Driefontein, magharibi ya Johannesburg, baada ya miaka ya kukausha maji ya chini, ardhi ilifunguka na kulimeza jengo zima la kusagia mawe pamoja na watu 29.

Kama mwamba wako ni wa namna hiyo, weka vigingi vya kupimia kutitia kwa ardhi kabla ya kupampu, na usiweke kambi, kinu wala mtambo pale ulipodhani ni tambarare nzuri. Visima vya jirani vipimwe kabla, mbele ya mwenyekiti wa kijiji, na kila mtu atie sahihi. Kisima kikikauka baadaye bila rekodi hiyo, wewe na wao mtabishana hadi mahakamani. Suluhisho la haraka ni kupeleka bomba la maji safi kijijini tangu siku ya kwanza. Ni bei ndogo kuliko wakili.

Dalili: shimo lenyewe linamomonyoka

Fupi: umeshusha haraka mno. Maji nyuma ya ukuta hayajapata muda wa kutoka, yanausukuma ndani. Punguza kasi. Mbao zilizokaa chini ya maji miaka 20 zinaonekana mpya zinapochomoza, kisha huoza ndani ya miezi. Chuma nacho hukimbilia kutu pindi kinapoonja hewa. Kwa hiyo kikosi cha kukarabati shimo kiteremke pamoja na maji, mita kwa mita, kisiachwe kije baadaye. Kamba za winchi za zamani, usizijaribu hata kwa ndoo.

Dalili: maji yameisha, madini hayalingani na karatasi

Hii huja mwisho na ndiyo huua miradi kimyakimya. Unakuta nguzo zilizohesabiwa zimeshachimbwa. Unakuta mawe yaliyovunjwa zamani, yaliyolala majini miaka yote, yamejipaka kutu, na kinuni hayataki kuelea na povu, kwa hiyo metali inaondoka na marudio, yaani mabaki ya kinu. Usiyachanganye na mawe mapya. Yajaribu peke yake.

Takwimu za zamani zichukuliwe kama fununu ya mtu mwaminifu: zisikilize, kisha utoboe mwenyewe. Kipushi walifanya hivyo. Chini ya ngazi ya mita 1,200 kulikuwa na jiwe lililogunduliwa muda mfupi kabla ya mgodi kusimama na halikuwahi kuchimbwa, linaloitwa Big Zinc. Mara tu ngazi ya 1,150 ilipokauka, mashine za kutoboa ziliingizwa mwaka 2014, kabla ya kununua kinu. Sampuli zilitoka na zinki ya asilimia 35 hivi, wakati migodi mingi ya zinki duniani haifikishi hata 10. Ndipo wakaanza kuagiza vyuma.